NANI AMLIPA MWENYE KUHESABU WEZI?

Ndugu wanachama, na dada zetu wa maofisini, stesheni na karakana,

Najua ya kuwa wengi wenu mkianza kusoma habari hii mtasema, huyu mwenzetu ameishiwa na maneno. Unga umepanda, mshahara haufiki mwisho wa mwezi, nyumba za kazi zavuja, naye atuletea habari za wanafunzi wa chuo kikuu wasio na pesa za utafiti! Ngojeni kidogo. Habari hii ni yetu kuliko ilivyo yao, na nataka tuizungumze katika matawi kabla ya mkutano mkuu wa mwaka.

Sisi watu wa reli twajua maana ya kuuliza. Behewa moja likitoka nje ya njia, hakuna mkubwa awezaye kusema ni bahati mbaya akaenda zake kulala. Huitwa watu wa kupima. Hupima upana wa njia, hutazama mataruma na misumari yake, hukagua breki, husoma daftari la stesheni, humwuliza dereva alianza kazi saa ngapi na alilala saa ngapi. Mwisho ripoti huandikwa. Pengine wakubwa hawaipendi. Pengine mzigo hutwikwa mtu wa pointi ambaye hana kosa. Lakini ripoti iko, na chama chaweza kuishika mkononi na kubishana nayo.

Sasa tazameni korti zetu. Kila Jumatatu asubuhi magari ya polisi hushusha watu waliokamatwa tangu Ijumaa: wachuuzi, makanga, vibarua, vijana waliokutwa njiani usiku, kina mama waliouza chang'aa. Wengine hulipa faini, wengine hurudi rumande, na wengine wamekwisha lipa njiani kabla ya kufika kortini. Maisha ya watu hutoka nje ya njia pale kila siku. Ni nani ajaye na futi ya kupimia?

Ajaye, ndugu zangu, ni kijana. Ni kijana wa kiume au wa kike asomeaye shahada ya pili au ya udaktari katika sheria, elimu ya jamii au elimu ya uhalifu, ama amemaliza juzi na hajapata bado nafasi ya kufundisha. Profesa mkubwa ana madarasa, kamati na safari. Kijana ndiye mwenye miguu. Yeye ndiye awezaye kukaa benchi la nyuma kortini miezi minane akiandika: huyu alikuja na wakili, huyu hakuwa naye, huyu alitakiwa dhamana ya kiasi gani, huyu alilala rumande siku ngapi kwa kosa ambalo faini yake ni ndogo kuliko nauli ya mkewe ya kwenda kumtazama. Hesabu ya namna hiyo hakuna waziri wala jaji awezaye kuitoa kichwani mwake. Sharti mtu akae ahesabu.

Na kijana huyo hana kitu. Ada ya chuo yamngoja. Tangu sheria ya sayansi ya mwaka 2013 hawezi kuanza utafiti bila leseni ya Serikali, na leseni hiyo huiombea kwa ada. Atataka nauli ya kwenda kortini na jela, atataka karatasi, chakula, na mtu wa kumsaidia kuzungumza na wenyeji kwa lugha yao. Kwao pia wamtazama yeye, maana walikwisha uza ng'ombe ili asome. Basi hufanya moja katika mambo matatu. Ama huacha, akaenda kutafuta kazi ya karani. Ama hukaa maktaba akaandika yale yaliyoandikwa na wenzake. Ama hutafuta ni nani mwenye pesa, akamwuliza, Bwana wataka nichunguze nini?

Katika reli dereva aweza kuwa hodari namna gani, lakini gari litakwenda pale lilikofunguliwa njia na mtu wa pointi. Katika utafiti mwenye fedha ndiye ashikaye pointi. Hilo ndilo neno langu. Anayemlipa kijana huyu ndiye achaguaye ni wizi upi uhesabiwe na upi upite kimya, na mpaka leo sisi wafanyi kazi hatujagusa pointi hizo hata kwa kidole.

UHALIFU WA BABU ZETU

Mkisema natia chumvi, kumbukeni mambo ya zamani. Mwaka 1906 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mabwana na watumishi. Kwa sheria ile mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alikuwa mhalifu, na jela ilimngoja. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuandikisha Waafrika, na baada ya vita vya kwanza ikaanza kutumika. Hicho ndicho kipande, ambacho mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikebe kama kengele ya mbuzi. Kukosa kipande kulikuwa kosa. Tena iko sheria ya uzururaji, iliyompa askari ruhusa ya kumkamata mtu kwa kuwa hana kazi wala makao. Hiyo ya uzururaji ilidumu mpaka mwaka 1997, miaka 34 baada ya Uhuru.

Basi mfikirini karani wa siku zile aandikaye hesabu ya uhalifu wa mwaka. Aliandika waliotoroka kazi, aliandika waliokosa kipande, aliandika wazururaji, kisha akajumlisha chini. Wakubwa wakaisoma jumla ile, wakasema Mwafrika ni mtu wa makosa mengi. Karani yule hakuandika uongo. Alihesabu alichoambiwa ahesabu. Nani alimwambia ahesabu watoto wanaolala na njaa kwa sababu ya mshahara wa baba?

Hesabu hiyo haikulipiwa mpaka wafanyi kazi walipotikisa nchi. Mwaka 1945, baada ya fujo za kazi Mombasa, ndipo kamati ya Bwana Phillips ilipotumwa kuchunguza. Januari 1947 wafanyi kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na wa reli wakiwamo, wakaweka vyombo chini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akahamishwa mbali. Mwaka 1954 ikatoka ripoti ya kamati ya mishahara ya Waafrika, mwenyekiti wake Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi. Ripoti ile ilisema ya kuwa karibu nusu ya wafanyi kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni na watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima. Kila mama sokoni alikuwa akilijua jambo hilo. Lakini lilipoandikwa kwa tarakimu na mkono wa Serikali yenyewe, hakuna mwajiri aliyeweza tena kulikana mbele ya watu.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, hesabu ni silaha. La pili, mwenye nguvu halipi hesabu inayomhukumu yeye mwenyewe mpaka asukumwe.

WATU WAWILI

Mtasema hayo ni ya ukoloni, yamekwisha. Nawapa mfano wa watu wawili wa siku hizi hizi, nami nawajua kwa macho. Majina yao nayaficha.

Wa kwanza ni kibarua wa genge la njia. Alitoka zamu ya usiku akakamatwa, akaandikiwa ulevi na fujo, naye ni mtu wa kanisa ambaye hajaonja pombe. Akatakiwa dhamana ya shilingi 10,000. Mtu alipwaye kwa siku atoe wapi shilingi 10,000? Akalala rumande siku 19, kisha kesi ikaondolewa kwa kuwa shahidi hakuja. Alipotoka alikuta mtu mwingine ameshika sururu yake. Sasa someni Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49. Yasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Ulevi na fujo ni kosa la namna hiyo. Mwenzetu alifungwa siku 19 na Katiba ikiwa rafuni.

Wa pili ni kontrakta. Alikuwa na vibarua 40. Kila mwezi, kwa miaka miwili, aliwakata fedha za NSSF, na kila mwezi fedha zile zikaishia mfukoni mwake. Walipokuja kugundua, kandarasi ilikuwa imekwisha, naye amekwisha pata nyingine mahali pengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mwajiri akataye mshahara wa mtu na asipeleke fedha panapohusika ametenda kosa, na adhabu yake ni faini mpaka shilingi 100,000, au kifungo mpaka miaka miwili, au vyote pamoja. Kwa kipimo cha sheria yenyewe, kosa la kontrakta ni zito kuliko la kibarua. Lakini kontrakta yule hajakanyaga kizimbani mpaka leo, na magari ya Jumatatu hayajawahi kumbeba mtu wa namna yake.

Katika hesabu ya uhalifu ya mwaka ule, kibarua aliyeonewa amehesabiwa kama mtu mmoja aliyekamatwa. Kontrakta aliyewaibia watu 40 ni sifuri. Mwaka 2017 Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilitoa ukaguzi wake juu ya mambo ya jinai katika Kenya, nao ukaonyesha ya kuwa mzigo mkubwa wa korti zetu ni makosa madogo madogo ya watu maskini, kama ulevi na fujo, au kufanya biashara bila leseni. Ilikuwa kazi njema, na waliohusika washukuriwe. Lakini ukaguzi wa mara moja ni kama kukagua njia mara moja ukaacha magari yapite miaka kumi. Twataka kujua kila mwaka, katika kila korti, ni nani anayeingia kizimbani na ni nani asiyeingia. Tena twataka mtu aende upande ule mwingine, kwenye mafaili ya mishahara, akahesabu wizi ambao polisi hawaendi kuukamata.

NANI ALIPA SASA?

Tuwatazame sasa wanaolipa. Serikali inacho kituo chake cha kuchunguza uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, mwaka ule ule ilipofutwa sheria ya uzururaji. Mwenyekiti wa baraza lake ni Mwanasheria Mkuu, na wakuu wa polisi na magereza wana viti humo. Sisemi kituo hicho hakifanyi kazi. Kinatoa ripoti nyingi juu ya magenge, hongo na mengineyo. Lakini wazee walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Kama swali ni kwa nini askari amemkamata mchuuzi mara tano kwa mwezi mmoja, haifai jibu litegemee baraza ambalo mkubwa wa askari ni mwenyeji wake.

Kisha wako wafadhili wa ng'ambo. Mgala muue na haki umpe: wamewasaidia vijana wetu wengi. Liko shirika la Harry Frank Guggenheim la New York, ambalo kazi yake ni kulipia utafiti wa vurugu na mauaji, nalo limekuwa likiwapa fedha wasomi vijana wa Afrika. Liko baraza la Marekani la elimu ya jamii, lililoanzisha mwaka 2011 mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa udaktari wa Afrika, Kenya ikiwamo, kwa fedha za shirika la Carnegie. Karibu na nyumbani liko CODESRIA la Dakar, la Waafrika wenyewe, lililoundwa mwaka 1973, ambalo limekuwa likitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaoandika tasnifu. Bila hao baadhi ya walimu wa vyuo vyetu wasingefika walipo.

Lakini mfadhili naye ana nyumba yake na hofu zake. Balozi ya Marekani ilipolipuliwa Nairobi mwaka 1998, kisha Westgate ikashambuliwa mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 ambako waliuawa watu 148, fedha za nchi kubwa zilimiminika kuchunguza ugaidi na itikadi kali. Ni haki kuchunguza. Damu iliyomwagika ni yetu, na waliokufa Garissa wengi wao walikuwa watoto wa watu kama sisi. Lakini mtazameni kijana mwenye njaa mbele ya milango miwili. Mmoja umeandikwa ugaidi, na ndani mna pesa. Wa pili umeandikwa mshahara ulioibwa na dhamana isiyolipika, na ndani mna giza. Utamlaumu akiingia wa kwanza?

Tena mkono wa mgeni hurudi kwake bila kupiga hodi. Mwaka 2010 hesabu za UNESCO zilionyesha ya kuwa karibu nusu ya fedha zote za utafiti katika Kenya zilitoka nje ya nchi. Basi mkaona yaliyotokea mwaka 2025. Mwezi wa Aprili Wizara ya Sheria ya Marekani ilikata kwa siku chache ruzuku zaidi ya 360 za mambo ya uhalifu na haki katika nchi yake yenyewe. Julai 1 mwaka ule ule USAID ikafungwa, na watu wa Afrika waliokuwa wakilipwa nayo wakaambiwa kwaheri. Kama wanawafanyia hivyo watu wao, wewe wa Kibera au Changamwe wategemea nini? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu si ndugu hata wa mbali.

SHERIA IKO, FEDHA ZIKO WAPI?

Sasa nawaambia jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Sheria ile ile ya mwaka 2013, inayomtaka kijana aombe leseni, iliunda pia Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Na iliandika wazi ya kuwa kila mwaka Hazina itie katika mfuko huo fedha sawa na asilimia 2 ya pato la nchi. Haikuandikwa kama ombi. Imeandikwa katika sheria iliyopitishwa na Bunge.

Tufanye hesabu kama tufanyavyo hesabu ya ovataimu. Mwaka 2023 pato la Kenya lilikuwa karibu shilingi trilioni 15. Asilimia 2 yake ni shilingi bilioni 300. Mfuko huo haujapata kiasi cha sheria hata mwaka mmoja. Mfanyi kazi akikosa kulipa kodi ya nyumba, mlango hufungwa kwa kufuli. Hazina ikikosa kulipa deni la sheria kila mwaka, twaambiwa uchumi ni mgumu.

Haya, tuseme uchumi ni mgumu kweli. Tuseme Hazina ilipe sehemu ya kumi tu ya deni lake. Hiyo ni bilioni 30. Katika hizo, iweke kando shilingi moja katika kila mia kwa vijana wanaoanza kuchunguza uhalifu na haki. Hiyo ni milioni 300. Kila kijana apewe milioni moja ya kazi ya mwaka. Ni vijana 300. Wangeweza kukaa katika kila korti kubwa ya nchi hii, katika kila rumande, na katika ofisi za kazi za kila kaunti. Mwaka mmoja tu, ndugu zangu, na mwajiri mwizi asingekuwa sifuri tena.

MANENO YA WAPINZANI

Nasikia wengine wakisema, wasomi hawa wakipata shahada hutuangalia kama takataka. Ni kweli wako wa namna hiyo. Wako pia wanaokuja na karatasi zao, wakatuuliza mambo ya nyumbani mwetu, wakaenda, na hatujui waliandika nini wala kwa lugha gani. Lakini mtoto wa nani ataandika habari zetu vizuri? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto wa kibarua aliyemwona baba yake akirudi kutoka rumande atauliza maswali ambayo mtoto wa bwana mkubwa hawezi kuyafikiri. Na mtoto huyo wa kibarua ndiye anayetupwa nje kwanza fedha zikikosekana, maana mwenzake ana baba wa kumlipia. Mkikataa fedha za umma kwa watafiti wanaoanza, mnaiacha kazi hiyo kwa watoto wa matajiri peke yao. Hapo ndipo mtakapodharauliwa kwelikweli.

Wengine wasema, hospitali hazina dawa, fedha ziende huko kwanza. Neno hilo ni zito na silibezi. Lakini mtu husema hivyo kana kwamba jela ni bure. Kila mtu aliyewekwa rumande bila sababu hulishwa, hulindwa na hubebwa kwa gari kwa fedha za kodi yetu, na huku nyumbani watoto wake hawana mleta unga. Hospitali zitapata dawa siku tutakapojua fedha zapotelea wapi, na hilo nalo lataka mtu wa kuhesabu.

Wa tatu wasema, utafiti ni karatasi tu, huliwa na mende. Waangalie Malawi. Kijana mmoja mchuuzi wa mifuko ya plastiki, Mayeso Gwanda, alikamatwa alfajiri akienda kuuza bidhaa zake, akashtakiwa kwa sheria ya uzururaji iliyoachwa na Waingereza. Hakunyamaza. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikasema kifungu kile chapingana na katiba. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, ile ikaayo Arusha, ikatoa maoni ya kuwa sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kwamba serikali zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mambo kama hayo hayashindwi kwa machozi. Wakili husimama mbele ya jaji akaulizwa: ni nani wanaokamatwa, wapi, na kwa sababu gani? Asipokuwa na jibu lililopimwa, hukaa chini.

TWATAKA NINI?

Chama chetu kisiseme tu ya kuwa kinasikitika. Napendekeza tawi letu lipeleke mambo haya kwenye mkutano mkuu, na kwa vyama vingine vyote.

1. Hazina ilipe Mfuko wa Taifa wa Utafiti kama sheria ya mwaka 2013 isemavyo. Ikishindwa mwaka mmoja, Waziri aje Bungeni aeleze ni kiasi gani kimelipwa na kwa nini.

2. Katika mfuko huo iwekwe sehemu maalumu ya watafiti wanaoanza katika mambo ya uhalifu na haki, na mtoto wa mfanyi kazi asiyekuwa na mdhamini apewe nafasi sawa na wengine.

3. Kijana achague swali lake mwenyewe. Polisi, magereza, waajiri, na hata chama chetu, wasiwe na ruhusa ya kulifuta swali wala kulificha jibu. Narudia, hata chama chetu. Akija akakuta fedha za wanachama zimeliwa na viongozi, na aandike hivyo hivyo. Hatuwezi kudai taa iwashwe kwenye nyumba za wengine tu.

4. Wizi wa mshahara na wa makato uchunguzwe kama uhalifu, maana sheria yenyewe imeuita kosa. Usiachwe kuitwa mgogoro wa kazi tu.

5. Kila aliyepewa fedha za umma arudi. Aandike ufupisho kwa Kiswahili chepesi, asimame mbele ya watu aliowauliza maswali, awaambie alichokiona. Asiyerudi asipewe tena.

6. Na sisi tutoe chetu. Kila tawi lifungue mafaili yake ya malalamiko kwa mtafiti aliyeapa kuficha majina. Tena kila mwanachama atoe shilingi tano kwa mwaka, ziwe za kumsaidia kijana mmoja au wawili kwa nauli na karatasi. Shilingi tano hazinunui hata chai ya mkahawani. Lakini mtu atakapotuuliza, ninyi mmetoa nini, tutakuwa na jibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua jambo hili si kama kudai nyongeza ya mshahara, ambayo mtu huiona mwisho wa mwezi. Lakini hata nyongeza huja baada ya mtu kuonyesha kwa tarakimu bei ya unga na kodi ya chumba. Makatibu wetu wanakwenda mezani na makaratasi ya namna hiyo kila wakati wa mapatano, na waajiri huja na makaratasi yao yaliyoandikwa na wasomi waliolipwa vizuri. Katika habari ya jela na korti sisi twakaa mezani mikono mitupu, na jamaa zetu wanaendelea kupanda magari ya Jumatatu.

Basi kila tawi na lijadili, likubali au likatae, lakini lisinyamaze. Katibu wa tawi atapokea majina ya wanaotaka kusema juu ya neno hili mkutanoni. Na yule aliyekatwa fedha zake zisifike zilikotakiwa, alete karatasi zake za mshahara, hata zikiwa zimechakaa. Hesabu ianze na hizo.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyi kazi wa reli